Binti wa bandani akilipwa, anajifunza kuongoza

Mfanyabiashara yeyote aliyezoea kuvuka mpaka wa Mutukula, kati ya Uganda na Tanzania, anamfahamu msichana huyu. Amemaliza shule, hana ajira, anashinda kwenye banda la shangazi yake. Anahesabu magunia ya maharage, anapokea malipo kwa simu, anakumbuka nani anadaiwa na kiasi gani. Lakini akitumwa forodhani peke yake anarudi bila jibu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kusimama mbele ya ofisa na kuutetea mzigo. Mwisho wa mwezi hapati kitu. Inasemekana "anasaidia tu".

Je, msichana kama huyo akipewa jukumu la kweli katika jamii yake, akafundishwa na akalipwa, atabadilika? Jambo hilo limejaribiwa pande zote mbili za mpaka, na matokeo hayakufanana.

Klabu za Uganda

Shirika la BRAC, lililozaliwa Bangladesh mwaka 1972, lilianza kazi Uganda mwaka 2006. Baadaye likafungua klabu za wasichana wa miaka 14 hadi 20, zikikutana alasiri, siku tano kwa wiki. Aliyeongoza klabu hakuwa mwalimu wala ofisa kutoka mjini. Alikuwa binti wa pale pale, aliyewazidi wenzake umri kidogo, aliyepewa mafunzo na kulipwa posho ndogo kwa kazi yake.

Binti huyo ndiye aliyesimamia mazungumzo kuhusu afya ya uzazi, haki za mwanamke kisheria, namna ya kujadiliana na kusuluhisha ugomvi. Wasichana walifundishwa pia kazi za mikono, ufugaji wa kuku na hesabu za biashara ndogo.

Watafiti wa uchumi walifuatilia jamii 150, kati yake 100 zikiwa na klabu na 50 bila klabu. Matokeo ya miaka minne yalichapishwa mwaka 2020. Penye klabu, mimba za ujanani zilipungua kwa takriban theluthi moja, na ndoa za mapema kwa zaidi ya nusu. Wasichana wenye shughuli ya kuwaingizia kipato waliongezeka kwa karibu nusu, wengi wao wakiwa wamejiajiri wenyewe. Hesabu hiyo iliwajumuisha hata wasichana ambao hawakujiunga na klabu.

Tanzania ikawa vingine

Mpango huo huo ulipopelekwa Tanzania, tathmini haikuona mabadiliko makubwa kama ya Uganda. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ufinyu wa rasilimali katika utekelezaji.

Wafanyabiashara wanalielewa hili bila kuelezwa sana. Huwezi kumpa mtu meza sokoni bila bidhaa kisha ukashangaa hana mauzo. Msichana aliyepewa cheo bila nyenzo naye hafiki mbali, na watu husema hana uwezo wakati waliomtuma ndio hawakumwezesha.

Tanzania ina mfano mwingine wa kutazama. Shirika la CAMFED, lililoanza Zimbabwe mwaka 1993, huwarudisha wasichana waliomaliza sekondari katika shule za maeneo yao wakawe walezi wa wadogo zao, wakifundisha stadi za maisha kwa kitabu cha Dunia Yangu Bora. Hawapokei mshahara, lakini hawaondoki mikono mitupu: wanaweza kupata mkopo usio na riba wa kuanzisha biashara, pamoja na kusomea cheti cha BTEC kinachotambuliwa nje ya nchi.

Mafunzo ya namna hii yanaweza kumfikisha mtu mbali. Angeline Murimirwa, aliyekuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo kusomeshwa na CAMFED nchini Zimbabwe, leo ndiye mkurugenzi mkuu wa shirika hilo.

Vikundi vyetu vifanye nini?

Si lazima kusubiri mfadhili. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Tozo nyingine na vibali vya afya vinabaki palepale. Hata hivyo wapo wanaopitia njia za panya kwa kuiogopa fomu tu.

Hapo ndipo kazi ya binti yule ilipo. Kikundi kinaweza kumchukua kwa miezi sita ajifunze kujaza vyeti vya wanachama, kutunza daftari la michango na kukisemea kikundi kwenye vikao na maofisa wa forodha. Chukulia kikundi kina watu 20, na kila mmoja anachanga Sh1,000 ya Tanzania kwa wiki. Kwa wiki nne hiyo ni Sh80,000. Haimtajirishi, lakini inamtosha nauli na kumjulisha kwamba muda wake una thamani.

Yapo masharti. Makubaliano yaandikwe: kazi gani, malipo kiasi gani, hadi lini. Awepo mama mmoja mzoefu wa kumwelekeza na kumlinda, asitumwe usiku wala kuachwa peke yake na mtu anayemtaka "chai" ili asaini karatasi. Na asigeuzwe mfagiaji wa ofisi. Akiona jambo haliendi sawa kwenye daftari, awe na ruhusa ya kulisema kikaoni, hata kama mwenye kosa ni mwenyekiti.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Vikundi vingi hupenda kijana mtiifu, na kiongozi hufunzwa kwa kuruhusiwa kusema. Miezi sita ikiisha, kikundi kitakuwa na mtu anayezijua fomu, anayezijua hesabu, na asiyetetemeka dirishani forodhani. Shangazi naye atakuwa na wa kumwachia banda siku akiumwa.