Tanzanaiti Haikupikwa na Kilimanjaro

Wengi huamini kwamba tanzanaiti ya Mererani ilipikwa na moto wa Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa mlima uko jirani. Umri wa miamba unakataa. Kilimanjaro ulianza kutema lava takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, ilhali tanzanaiti ina karibu miaka milioni 585. Zama hizo mabara yaligongana; matope ya bahari ya kale yakazikwa chini, yakabanwa na kuchomwa hadi yakawa miamba yenye madini ya kinywe. Maji ya moto yakapenya katika nyufa yakibeba kalsiamu, alumini na vanadiamu, na humo fuwele zikajijenga polepole. Vanadiamu ndiyo inayoleta ule ubuluu wa ajabu.

Mtu atauliza: mbona miamba ya mgongano huo imeenea hadi Msumbiji, lakini machimbo ya tanzanaiti yanajulikana Mererani tu? Ni kwa sababu joto na mgandamizo peke yavyo havitoshi. Vanadiamu, nyufa na maji vilipaswa kukutana mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Bahati hiyo hairudiwi, hivyo Serikali ilifanya sawa kulizungushia eneo hilo ukuta mwaka 2018.