Joto Hili Linatoka Wapi?

Ziwa Victoria liliwahi kukauka. Watafiti walipotoboa sakafu ya ziwa na kutoa nguzo ndefu za tope, chini ya tope laini walikuta udongo mgumu wenye mabaki ya mizizi ya mimea, yaani ardhi iliyokuwa nchi kavu. Ilikuwa kati ya miaka 18,000 na 14,000 hivi iliyopita, zama za barafu zikielekea ukingoni. Baadaye mvua zikarudi na ziwa likajaa upya. Hapakuwa na kiwanda wala gari. Kwa hiyo anayesema kwamba tabianchi imekuwa ikibadilika tangu enzi na enzi hakosei. Anakosea pale anapohitimisha kwamba na haya ya leo yamekuja yenyewe.

Visababishi vya asili vinajulikana na vinapimika. Kikubwa ni mwendo wa dunia yenyewe: njia yake ya kulizunguka jua hubadilika umbo, mhimili wake huinama zaidi au pungufu, nao huyumba. Mabadiliko hayo huchukua kati ya miaka 20,000 na 100,000 hivi kukamilisha mzunguko mmoja. Ndiyo yaliyoongoza kuja na kuondoka kwa zama za barafu, na ndiyo yaliyoifanya Sahara kuwa nchi ya nyasi na maziwa hadi kama miaka 5,000 iliyopita. Kwa hesabu hizo hizo, leo dunia ingekuwa inapoa polepole.

Jua nalo limechunguzwa. Tangu mwaka 1978 setilaiti zinapima nguvu yake. Hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, lakini hakuna ongezeko la kudumu linaloweza kueleza joto la sasa. Tena, jua lingekuwa ndilo chanzo, anga ingepata joto tangu chini hadi juu. Vipimo vinaonyesha kwamba huku chini tunakoishi joto linapanda, ilhali stratosfia, tabaka lililo juu ya mawingu ya mvua, inapoa. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa gesi zinapozuia joto lisitoke kwenda anga za juu.

Zimebaki volkano. Mlipuko mkubwa huipoza dunia kwanza: Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka Juni 1991, chembe zilizotokana na gesi zake za salfa zilikinga mwanga wa jua, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini ni kweli pia kwamba volkano hutoa hewa ukaa, mojawapo ya gesi hizo zinazozuia joto, na sisi wa ukanda wa Bonde la Ufa tunaifahamu. Karibu na Goma, chini ya Nyiragongo, gesi hiyo huvuja kutoka ardhini na kutuama kwenye mashimo na mabonde, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Wenyeji huiita mazuku. Mbuzi akishuka humo hufa, na watu wamekufa. Je, si hiyo inayojaa angani?

Jibu limo ndani ya kaboni yenyewe. Mmea ulio hai una kiasi kidogo cha kaboni-14, aina ya kaboni ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni mabaki ya viumbe vya mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo kaboni-14 yote imekwisha. Mwaka 1955 mwanakemia Hans Suess alichapisha vipimo vya mbao za miti vilivyoonyesha kwamba kaboni-14 ya hewani ilikuwa imepungua: kaboni ya kale ilikuwa ikichanganyika na hewa. Volkano nayo hutoa kaboni isiyo na kaboni-14, hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Hapo ndipo inapokuja kaboni-13. Mimea hupendelea kaboni nyepesi kuliko hiyo, kwa hiyo chochote kilichotokana na mimea, makaa na petroli vikiwemo, kina kaboni-13 kidogo. Gesi ya volkano haina upungufu kama huo. Hewa yetu inazidi kupungukiwa na kaboni-13, na oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo, kwani kuchoma hula oksijeni. Alama hizo tatu kwa pamoja zinataja chanzo kimoja: tunachokichoma. Kwa uzito, volkano zote duniani hazifikishi asilimia moja ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Kasi ndiyo inayonitisha zaidi. Dunia ilipotoka zama za barafu, hewa ukaa ilipanda kwa sehemu kama 80 katika kila sehemu milioni za hewa, na ilichukua maelfu ya miaka. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kupima kwenye mlima wa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta sehemu 315 hivi. Sasa zimepita 420. Ongezeko la zaidi ya 100, ndani ya umri wa mtu mmoja.

Mabadiliko ya asili bado yapo: El Niño, yaani kupata joto kwa Bahari ya Pasifiki, na joto la Bahari ya Hindi vitaendelea kutuletea mvua za vuli zilizopitiliza, kama mwaka 2023. Tofauti ni kwamba hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Na si kila mafuriko tuyatupie tabianchi. Nyumba zilizojengwa ndani ya bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zingefurika hata bila joto hili.

Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na nishati za kisukuku. Kama joto hili ni la asili, hakuna wa kudaiwa. Wajumbe wetu wanaodai fedha za hasara na uharibifu, mfuko uliokubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, wanasimama juu ya vipimo hivi. Walimu wa jiografia, msiwakaririshe wanafunzi orodha mbili, sababu za asili na za kibinadamu, kana kwamba zina uzito sawa. Wafundisheni namna zilivyopimwa.