Presha ya Damu: Je, ni Nchi au ni Chumvi?

Mtu apandaye mlima mrefu huona moyo wake ukienda mbio. Hewa ya huko ni nyepesi, na moyo hauna budi kufanya kazi zaidi. Ndipo nguvu ya damu, yaani presha, hupanda kwa muda. Lakini jambo hili huonekana hasa kuanzia kimo cha mita 2,500. Busia na Malaba ziko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo mzee wa huko mwenye presha asiilaumu nchi yake.

Hata milimani, kimo si sababu peke yake. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ilionekana ya kwamba presha ya wenyeji wengi haikupanda sana kwa uzee. Bali katika Tibet, ambako watu hunywa chai ya chumvi, presha ya juu imeenea.

Ushahidi wa karibu uko. Mwaka 1929 Daktari C. P. Donnison alitangaza habari za wanaume 1,000 aliowapima katika Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii. Baada ya umri wa miaka 40 presha yao haikupanda, bali ilielekea kushuka. Mwaka 1990 wataalamu wengine waliandika juu ya watu waliohama vijiji vya kaskazini ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Baada ya muda mfupi presha yao ilizidi ya wenzao waliobaki nyumbani. Iliyobadilika hasa ni namna ya kuishi: chumvi iliongezeka, madini ya potasi yapatikanayo katika mboga na matunda yalipungua, na uzito wa mwili ulizidi.

Basi uzee peke yake haulazimishi presha kupanda. Siku hizi maisha ya mjini yamefika mpakani: dereva hukaa katika lori mchana kutwa akingoja zamu yake, na chakula chake ni cha kununua, chenye chumvi nyingi.

Presha ya juu haina maumivu, lakini huweza kupoozesha mwili na kuharibu moyo na mafigo. Yafaa kila mtu mzima apimwe. Ikionekana mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, amfuate daktari, wala asiache dawa kwa kuwa anajiona mzima. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.