Baada ya kung'olewa gego la mwisho

Umeng'olewa gego la mwisho na shavu limefura kama andazi? Usibabaike. Uvimbe huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua.

Siku ya kwanza, funga barafu kwa kitambaa, ukande shavu dakika 20, uiondoe dakika 20. Meza dawa ulizoandikiwa kabla ganzi haijaisha. Ukilala, inua kichwa kwa mito miwili.

Usiteme mate kwa nguvu, usinywe soda kwa mrija wala usivute sigara. Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu huwa makali. Baada ya saa 24, sukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi.

Ukipata homa, au ukishindwa kumeza, usingoje Jumatatu. Mrudie daktari mara moja.