Kwa nini msandali hung'olewa na mizizi yake? Jibu liko kwenye chupa ya manukato

Ukitoka lango la Momela, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ukashuka kuelekea Ngare Nanyuki, msitu wa Mlima Meru unakuacha na nchi inakuwa kavu. Kwenye ukavu na mawe ya namna hii, kuanzia Arusha hadi Iringa, ndiko unakoota msandali wa Afrika Mashariki. Kwa macho hauvutii, ni mti mdogo tu. Mali yake imejificha kwenye moyo wa shina na kwenye mizizi: mafuta ya manukato.

Kazi ya mafuta hayo ni kudumu. Harufu ya maua au ndimu hupotea haraka kwenye ngozi, lakini sandali huvukia polepole na kuzishikilia nyingine. Ndiyo maana William Penhaligon, kinyozi wa London, alipotengeneza Hammam Bouquet mwaka 1872 akiigiza harufu ya hamamu ya Kituruki iliyokuwa jirani na kazini kwake, alichanganya waridi na lavenda juu, sandali chini. Pwani nao hawakusubiri Mwingereza: sandali imo kwenye singo ya bibi harusi.

Sandali yenye jina sokoni ilikuwa ya India. Ilipokatwa mpaka ikaadimika, wanunuzi wakageukia huu wa kwetu.

Shida ni namna unavyovunwa. Kwa kuwa mizizi nayo ni mali, mti hung'olewa wote, hakibaki hata kisiki cha kuchipua. Halafu kuna miti dume na miti jike, na wavunaji hupendelea jike. Majike yakiisha, hakuna mbegu. Kuotesha miche nako si mchezo, maana msandali ni mdoezi: mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mimea jirani na kunyonya. Ukiupanda peke yake, hudumaa.

Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki, ukiwemo wa Tanzania, ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo kuusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Ndani ya hifadhi, kukata mti hakuruhusiwi. Mtihani uko nje ya lango. Siku hizi manukato mengi hutumia sandali ya maabara, lakini mafuta ya mti wenyewe bado yana wateja, na lebo ya chupa mara nyingi huandika "sandali" tu, bila kusema imetoka mti gani.