Kitambi na Namba Tusizozijua

Leo tuzungumzie jambo ambalo kwetu ni la utani tu: kunenepa. Ukituma picha nyumbani baada ya mwaka mmoja huku Uingereza, utaambiwa, "Umenawiri kweli, Ulaya imekupenda!" Kitambi kwetu kimehesabiwa siku nyingi kuwa dalili ya maisha mazuri. Lakini daktari haangalii kunawiri, anaangalia namba. Na namba zinazotuhusu sisi wengi hatuzijui.

Unene unapimwaje?

Kipimo cha kawaida kinaitwa BMI. Chukua uzito wako kwa kilo, gawa kwa urefu wako kwa mita, halafu jibu ulilopata ligawe tena kwa urefu huo huo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Sasa hapa ndipo penyewe. Taasisi ya NICE, inayowaandalia miongozo madaktari wa NHS, inashauri kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika uzito uliozidi uhesabiwe kuanzia 23, na unene wa kupindukia kuanzia 27.5. Sababu ni kwamba kisukari kinatuwahi sisi tukiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Mfano: mtu wa mita 1.70 na kilo 82 ana BMI ya 28.4. Akiangalia ile 30 atasema, "Mimi bado niko poa." Kumbe kwa hesabu inayomhusu, keshavuka.

BMI nayo ina kasoro. Haitofautishi misuli na mafuta, na mjamzito haimfai. Kwa hiyo chukua futi kamba, ile ya fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kubana tumbo. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170, kiwe chini ya 85.

Kina madhara gani?

Mafuta ya tumboni hayakai kimya. Yanazunguka ini na kongosho, mwili unakuwa mzito kuitikia insulini, sukari inabaki kwenye damu, na hapo kisukari aina ya pili kinaingia. Presha inapanda, na nyuma yake yanafuata maradhi ya moyo na kiharusi. Magoti yanalemewa. Wengine pumzi inakatika-katika usingizini, wanakoroma usiku kucha na mchana wanasinzia darasani. Kwa akina dada hedhi inaweza kuvurugika. Hata baadhi ya saratani, kama ya utumbo mpana, hatari yake inaongezeka. Tena presha na kisukari vinaweza kukaa na wewe miaka bila kukuuma popote.

Tufanye nini?

Kwanza, usisubiri kuitwa. Uchunguzi wa jumla wa NHS hapa England ni kwa wenye miaka 40 hadi 74, kwa hiyo wewe wa miaka 24 hakuna atakayekuandikia barua. Aliyekuja kwa viza ya masomo ya zaidi ya miezi 6 kwa kawaida alishalipia NHS alipoomba viza. Jiandikishe kwa GP, na namba zako zikizidi omba upimwe presha na sukari. Mwenye selimundu amwambie daktari mapema, maana kipimo cha sukari kiitwacho HbA1c kinaweza kumpa jibu lisilo sahihi.

Pili, anza na vinywaji. Kopo moja la Coca-Cola la mililita 330 lina gramu 35 za sukari, wakati NHS inashauri mtu mzima asizidi gramu 30 kwa siku. Ugali na wali endeleeni kula, ila punguzeni mlima, ongezeni mboga na maharage. Tembeeni kwa haraka dakika 150 kwa wiki.

Tatu, tusichekane. Shifti za usiku, chipsi za bei rahisi na kukaa maktaba kutwa vinamnenepesha mtu yeyote, si uvivu. Na si lazima mtu arudi alivyokuwa kidato cha nne. Mwenye kilo 82 akipunguza 4 tu, presha na sukari yake vinaweza kuanza kupata nafuu.