Klamath: Tamasha la samoni lililokosa samoni, na jinsi samaki walivyorudi mtoni

Kila mwezi Agosti, mji mdogo wa Klamath ulioko kaskazini mwa California nchini Marekani hufurika wageni. Kuna gwaride barabarani, michezo ya jadi ya kabila la Yurok na vibanda vya kazi za mikono. Lakini kinachowavuta wengi ni chakula: vipande vya samaki aina ya samoni vilivyochomekwa kwenye vijiti vya mti wa redwood, vikapangwa kuzunguka moto wa kuni.

Ni tamasha la samoni, na limekuwepo kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 2016, samaki walikuwa wachache kiasi kwamba kabila hilo lilifanya tamasha la samoni bila samoni wa mto wake. Mwaka 2023 hali ikawa ile ile: Wayurok waliamua kutopika samoni, ili wachache waliobaki wapate nafasi ya kuzaana.

Mwaka mmoja tu baadaye, samoni walionekana sehemu ya mto ambayo hawakuwa wamefika tangu mwaka 1912. Nini kilibadilika?

Samoni ni samaki wa namna gani?

Samoni huzaliwa mtoni, kwenye maji yasiyo na chumvi. Akiwa bado mdogo huteremka hadi baharini, na huko hukaa miaka kadhaa akila na kunenepa. Akikomaa hurudi kwenye mto aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake.

Hapo huanza safari ya kupanda mto dhidi ya mkondo. Jike huchimba shimo kwenye changarawe kwa mkia wake na kutaga maelfu ya mayai, dume huyarutubisha, kisha wote wawili hufa. Mizoga yao huwa chakula cha wanyama, ndege na hata miti iliyoko kandokando ya mto.

Kwenye Mto Klamath anayesubiriwa zaidi ni chinook, samoni mkubwa kuliko wote wa Bahari ya Pasifiki. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ndugu yake wa karibu ni trauti anayefugwa kwenye mito ya baridi ya Mlima Kenya. Asili ya trauti huyo ni mito ya pwani hiyo hiyo ya Pasifiki.

Jambo moja ni la kuzingatia hapa: samoni akizibiwa njia, hana pa kutagia. Njia ikibaki imefungwa, kizazi cha sehemu hiyo ya mto huisha.

Kwa nini Wayurok wanamjali hivyo?

Yurok ndilo kabila kubwa zaidi la wenyeji wa asili linalotambuliwa na serikali ya Marekani katika jimbo la California, likiwa na zaidi ya watu 6,000. Ardhi yao ni ukanda mwembamba unaofuata mto hadi unapoingia baharini. Kwa lugha yao samoni huitwa nepuy, maana yake ni "kile kinacholiwa".

Zamani walikuwa na uzio wao wa kuvulia samaki, uliojengwa kwa miti mahali paitwapo Kepel. Uzio huo ulitumika kwa siku kumi tu, kisha ukabomolewa. Lengo lilikuwa samaki waendelee kupanda, na watu wanaoishi juu ya mto nao wapate. Tajiri wa Kepel hakuruhusiwa kula peke yake.

Haki ya kuvua nayo haikuja hivi hivi. Mwaka 1969 maafisa wa jimbo walichukua nyavu za mvuvi wa Kiyurok, Raymond Mattz. Hakukubali. Alipeleka kesi mahakamani, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ardhi ile bado ni ya wenyeji wa asili.

Basi wakawa na haki ya kuvua, lakini samaki wenyewe walikuwa wanaisha.

Mabwawa yalifanya nini?

Mto Klamath una urefu wa zaidi ya kilomita 400, kutoka kusini mwa jimbo la Oregon hadi Bahari ya Pasifiki. Kati ya mwanzo wa karne iliyopita na miaka ya 1960, mabwawa manne ya kuzalisha umeme yalijengwa juu yake: Copco 1, Copco 2, J.C. Boyle na Iron Gate.

Athari zake zilikuwa hizi:

• Samoni walifungiwa nje ya zaidi ya kilomita 600 za mto na vijito vyake.

• Maji yaliyosimama nyuma ya kuta yalipata joto jingi wakati wa kiangazi, ilhali samoni huhitaji maji ya baridi.

• Mwani wenye sumu ulistawi kwenye mabwawa, kiasi kwamba watu walionywa wasiguse maji.

• Changarawe ambayo samoni hutagia ilinaswa nyuma ya kuta, haikuteremka.

Kisha ikaja Septemba 2002. Maji ya mto yalikuwa machache na ya moto, samoni wakabanana, magonjwa yakaenea. Makumi ya maelfu ya samaki walikufa ndani ya siku chache katika eneo la Wayurok. Mizoga ilijaa kingo za mto na harufu yake ilikuwa haivumiliki.

Kwa vijana wengi wa makabila ya mto huo, tukio hilo ndilo lililowafanya waingie kwenye harakati za kutaka mabwawa yabomolewe.

Kampuni ilikubali vipi kubomoa?

Jibu fupi ni hesabu. Leseni ya mabwawa hayo iliisha mwaka 2006. Ili kupata mpya, kampuni iliyoyamiliki, PacifiCorp, ingelazimika kujenga njia za samaki za gharama kubwa, na umeme uliotoka hapo ulikuwa chini ya asilimia 2 ya umeme wake wote. Pia mabwawa hayo manne hayakuwa ya kumwagilia mashamba.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Wanaharakati wa makabila ya Yurok, Karuk na mengine waliandamana na kusafiri hadi kwenye mikutano ya wanahisa. Upande wa pili, baadhi ya wakazi waliokuwa na nyumba kando ya maziwa ya mabwawa walipinga, kwa kuwa ziwa lililokuwa mbele ya mlango wao lingekauka.

Mazungumzo yalichukua karibu miaka 20. Novemba 2022 mamlaka ya nishati ya serikali kuu ilitoa kibali cha mwisho. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 450, zilizotoka kwa wateja wa umeme wa kampuni hiyo na kwa jimbo la California.

Copco 2 lilibomolewa mwaka 2023. Matatu yaliyobaki yalianza kumwagwa maji Januari 2024, na kufikia mapema Oktoba mwaka huo kazi ya kuyaondoa ilikuwa imekamilika. Ni ubomoaji mkubwa zaidi wa mabwawa katika historia ya Marekani.

Kila kitu kilienda sawa?

Hapana. Maji yalipofunguliwa, tope lililojikusanya kwa miongo kadhaa liliteremka na mto ukawa kahawia. Februari 2024, vifaranga wa samoni wapatao 830,000 waliachiwa mtoni juu ya Iron Gate. Wengi walikufa walipopita kwenye handaki la bwawa hilo kwa sababu ya mabadiliko makali ya shinikizo. Wapinzani wa mradi wakasema, "si tuliwaambia?"

Kwenye ardhi iliyobaki wazi baada ya maziwa kukauka, mabilioni ya mbegu za mimea ya asili zilimwagwa. Nyingi zilitokana na mbegu zilizokusanywa kwa mkono miaka kadhaa kabla, na Wayurok walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.

Samaki walirudi lini?

Wengi walidhani itachukua miaka. Lakini Oktoba 16, 2024, maafisa wa samaki wa Oregon walimwona chinook kwenye kijito kilicho juu ya mahali lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle. Kazi ya ubomoaji ilikuwa imekamilika wiki chache tu kabla.

Hakuna aliyewabeba kwa lori wala kuwaonyesha njia. Ukuta ulipotoka, walipanda wenyewe.

Julai 2025, vijana wa makabila ya mto huo walifika baharini kwa kayaki baada ya safari ya takriban mwezi mmoja, wakitokea kwenye vyanzo vya mto. Safari hiyo isingewezekana wakati mabwawa yote yamesimama.

Je, sasa samoni wamejaa?

Bado. Mabwawa mawili madogo, Keno na Link River, yamebaki upande wa juu. Yana njia za samaki. Ukame nao unaendelea kuwa tishio, na wakulima wa juu ya mto bado wanahitaji maji hayo hayo. Uvuvi wa kibiashara wa samoni katika bahari ya California ulifungwa miaka mitatu mfululizo, 2023 hadi 2025.

Kuna kipimo kimoja cha kuangalia. Chinook wengi wa Klamath hurudi wakiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Mayai yaliyotagwa mwishoni mwa 2024 juu ya yalipokuwa mabwawa yanatarajiwa kuleta samaki wakubwa kuanzia mwaka 2027.

Hao watakuwa kizazi cha kwanza katika zaidi ya miaka 100 kuzaliwa huko juu na kurudi huko. Wakija wengi, tamasha la Agosti litapata tena samoni wa mto wake.